Ndoa si makaratasi, lakini makaratasi yana sheria zake

Katika mazungumzo ya Wakenya wenye jamaa ng'ambo, neno "makaratasi" limepata maana ambayo hutaiona katika kamusi nyingi. Mtu akisema kwamba fulani aliyeko Marekani "amepata makaratasi", hakuna anayeuliza ni makaratasi gani. Si shahada, si hatimiliki ya shamba, wala si cheti cha kuzaliwa. Ni idhini ya kuishi na kufanya kazi katika nchi ya watu bila kuhesabiwa siku. Na mtu akisema kwamba fulani "ameoa makaratasi", wasikilizaji hucheka kidogo, hutikisa vichwa, kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Kicheko hicho ndicho kilichonisukuma kuishika kalamu.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni kuchunguza namna maneno yanavyobeba maana. Naamini kwamba msemo huo umebebeshwa mizigo miwili isiyostahili kutiwa katika kapu moja. Mzigo wa kwanza ni ndoa ya kweli, ambayo watu wawili wameifunga kwa kupendana, na ambayo sheria ya nchi inaipa tunda la ziada, yaani ukaazi wa kudumu. Mzigo wa pili ni ndoa ya uongo, ambayo imefungwa kwa ajili ya tunda hilo tu, aghalabu kwa malipo. Ya kwanza ni haki inayotambuliwa na sheria. Ya pili ni jinai. Lugha inayoziita zote mbili kwa jina moja huwaaibisha wasio na hatia na kuwasitiri wenye hatia. Isitoshe, aibu hiyo huwafanya vijana wetu wasiulize maswali, na asiyeuliza huijua sheria siku ambayo imekwisha kumshika.

Nayaandika haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu wao ndio wahusika wakuu. Walimu vijana wa Kiswahili kutoka vyuo vyetu wamekuwa wakienda Marekani chini ya mpango wa Fulbright kuifundisha lugha hii katika vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Wapo walimu wengine wanaoajiriwa na shule za majimbo mbalimbali kwa viza za mabadilishano, na wapo wahitimu wa uhandisi na kompyuta wanaoajiriwa na makampuni kwa viza za kitaalamu. Wengi wao ni vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, na kwa kuwa ni binadamu, baadhi yao hupenda na kupendwa huko waliko. Hakuna mwajiri awezaye kutia katika mkataba kifungu cha kuuzuia moyo. Tunaloweza kulifanya sisi walimu wao ni kuwaeleza, kabla hawajaondoka, njia hiyo ina milango gani na ina mashimo wapi.

Tuanze na viza yenyewe. Viza ya muda ni mwaliko wenye tarehe ya mwisho, lakini viza za muda si ndugu wa tumbo moja. Ile iitwayo H-1B, wanayopewa wataalamu wenye shahada, hutolewa kwa miaka mitatu na kwa kawaida haizidi miaka sita. Sheria ya Marekani inamruhusu aliye na viza hii kuwa na nia mbili kwa wakati mmoja: nia ya kufanya kazi kwa muda na nia ya kutaka kukaa daima. Hahesabiwi kuwa mdanganyifu kwa sababu tu ametamani kubaki. Viza ya mabadilishano iitwayo J-1 haina upana huo. Wengi wanaopewa viza hii, hasa wale ambao gharama zao hulipwa na serikali ya Marekani au serikali ya nchi yao, hufungwa na sharti la kurejea nyumbani na kuishi huko kwa jumla ya miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kupata ukaazi wa kudumu.

Hapa ndipo penye shimo la kwanza, na ndilo linalowahusu zaidi walimu wa lugha. Wengi hudhani kwamba ndoa na raia wa Marekani hulifuta sharti hilo. La hasha! Mwalimu huyo anaweza kufunga ndoa Jumamosi, ndoa halali kabisa, na Jumatatu sharti la miaka miwili likawa lingali palepale. Ipo njia ya kuomba kusamehewa, lakini ni nyembamba. Anayetaka kupita humo kwa sababu ya ndoa hana budi kuonyesha kwamba kuondoka kwake kutamletea mwenzi wake au mtoto wake aliye raia dhiki ya kupita kiasi. Uchungu wa kawaida wa kutengana hautoshi, kwa maana uchungu huo humpata kila mtu anayeachana na ampendaye. Kijana anayetia sahihi fomu za viza bila kulisoma sharti hili hutia sahihi miaka miwili ya maisha yake asiyoijua.

Shimo la pili liko katika swali ambalo wapenzi hawaulizani: wewe ni raia, au ni mkazi wa kudumu? Masikioni mwetu tofauti hiyo ni ndogo. Katika sheria ya Marekani ni kama tofauti ya usiku na mchana. Mume au mke wa raia huhesabiwa kuwa jamaa wa karibu kabisa, na kundi hilo halina idadi ya mwisho inayowekwa kila mwaka. Ikiwa aliingia nchini kwa njia halali, anaweza kuomba ukaazi akiwa hukohuko, hata kama viza yake imekwisha muda, ingawa kuomba huko peke yake si ngao ya kumkinga asikamatwe. Mume au mke wa mkazi wa kudumu yuko katika kundi jingine, lenye idadi maalumu na foleni, na hutakiwa kulinda hadhi yake ya viza wakati wote anaposubiri. Watu wawili wanaweza kufunga ndoa zinazofanana katika kanisa moja, siku moja, mbele ya kasisi mmoja, na kila mmoja akajikuta katika safari isiyofanana hata kidogo na ya mwenzake.

Baada ya hapo huja fomu. Raia hupeleka fomu ya kuthibitisha uhusiano, iitwayo I-130, na mgeni hupeleka fomu ya kubadilishiwa hadhi, iitwayo I-485. Pamoja nazo huwa na hati ya udhamini, I-864, ambayo raia huahidi kwayo kwamba mwenzi wake hatakuwa mzigo wa serikali. Kwa kawaida mdhamini hutakiwa awe na pato lisilopungua asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini. Wachache mno hujua kwamba ahadi hiyo haifi kwa talaka. Huendelea mpaka mgeni awe raia, au ahesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au ahame nchi hiyo moja kwa moja, au afe. Kwa hivyo ikiwa vijana wetu wanatakiwa waingie katika ndoa hizi macho wazi, hata wenzi wao wa Kimarekani wanahitaji kufumbuliwa macho.

Sasa niruhusiwe kuzungumza kama mwalimu wa sarufi. Kiswahili humwambia mwanamume kwamba anaoa, na humwambia mwanamke kwamba anaolewa. Wanafunzi wangu wa kike wamelalamikia jambo hili mara nyingi darasani, na malalamiko yao yana uzito, kwa maana kitenzi hicho humpa mmoja utendaji na mwingine utendwaji. Basi tazama sheria ya uhamiaji inavyotumia sarufi yake. Katika sheria hiyo hakuna anayeoa wala anayeolewa. Yuko anayeomba, naye ni raia; na yuko anayeombewa, naye ni mgeni. Mwanamume wa Kenya ambaye maisha yake yote amezoea kuwa mtendaji, aliyepeleka ujumbe kwa wakwe na kutoa mahari, hujikuta ghafla amevikwa kiambishi cha kutendewa. Anaombewa. Ombi si lake. Ni la mkewe, na mkewe anaweza kuliondoa kabla halijakubaliwa.

Si mchezo wa maneno huu. Ndani ya kiambishi hicho mna nguvu ya mtu mmoja juu ya mwingine. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupambana na ndoa za uongo, na kwa sheria hiyo mtu ambaye ndoa yake haijatimiza miaka miwili siku anapokubaliwa hupewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho za muda huo, mume na mke hutakiwa wapeleke ombi la pamoja la kuondolewa masharti. Sahihi mbili zinahitajika. Fikiri basi hali ya mke au mume anayepigwa, anayetukanwa, anayenyang'anywa mshahara, naye anajua kwamba bila sahihi ya mkono uleule unaompiga, huenda akapoteza kazi na makao. Silaha hiyo haihitaji kutolewa alani; yatosha kutajwa tu wakati wa chakula cha jioni.

Haki itendeke kwa sheria pia. Masharti hayo yana misamaha yake. Aliyeingia katika ndoa kwa nia njema, kisha ndoa ikavunjika kwa talaka, anaweza kupeleka ombi peke yake. Aliyefanyiwa ukatili pia anaweza. Na mwaka 1994 bunge hilo lilipitisha sheria iliyomruhusu mwenzi aliyepigwa au kutendewa ukatili mkubwa na raia au mkazi wa kudumu kupeleka ombi la mwanzo kabisa yeye mwenyewe, bila mwenziwe kujua. Ingawa sheria hiyo ilipewa jina la wanawake, wanaume pia huweza kuitumia. Kwa lugha yetu tungesema kwamba aliyekuwa akiombewa amepewa haki ya kujiombea. Ni silabi chache tu zilizobadilika, lakini kwa mtu aliye katika hali hiyo ni tofauti ya kifungo na uhuru. Kwa kuwa haki hii haitangazwi harusini, wajibu wa kuitangaza ni wetu.

Shimo jingine ni la tafsiri, nami nalijua kwa sababu liko katika uwanja wangu. Fomu za uhamiaji zimeandikwa kwa Kiingereza na zinatumia mfumo wa ukoo wa Kizungu. Sisi tunatoka katika lugha ambamo mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu, dada ya mama ni mama mdogo au mama mkubwa, na neno "ndugu" laweza kumbeba aliyezaliwa nami na pia mtoto wa ami yangu. Mwalimu anayemsomesha mtoto wa marehemu kaka yake ataulizwa ana watoto wangapi, naye atajibu kwa moyo safi kwamba ana watatu. Miaka michache baadaye, akijaza fomu nyingine kwa msaada wa wakili, ataandika wawili. Kwa jamaa zake hakuna uongo hapo. Kwa afisa anayezilinganisha fomu mbili kuna mtoto mmoja aliyetoweka. Kinyume chake pia hutokea: mtu humficha mtoto aliyemzaa kabla ya safari kwa kumwonea mwenzi mpya haya. Laiti angelijua kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18 siku ya ndoa huhesabiwa kuwa mtoto wa kambo wa yule raia, na raia huyo anaweza kumwombea! Haya ya siku moja humnyima mtoto mlango uliokuwa wazi.

Swali lililo gumu kuliko yote ni lile fupi: umeoa? Umeolewa? Fomu ina visanduku vichache tu, kama vile hajaoa, ameoa, ametaliki, amefiwa. Maisha ya Wakenya wengi hayaingii katika visanduku hivyo bila kukunjwa. Tuna watu waliotoa mahari lakini hawakuandikisha ndoa popote. Tuna waliokaa pamoja miaka kumi, wakazaa, bila kufanya sherehe yoyote. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na inataka zote zisajiliwe. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kuishi pamoja hakutoshi, na ikaweka masharti makali kabla ya watu walioishi hivyo kudhaniwa kuwa mume na mke. Lakini ndoa ya kimila iliyotimizwa taratibu zake si hewa kwa sababu haina cheti. Mtu aliyeacha mke wa kimila kijijini, akaenda Marekani na kuandika kwamba hajaoa, kisha akafunga ndoa huko, amejenga nyumba juu ya mchanga. Marekani huipima ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungiwa, na haiitambui ndoa ya pili ambayo ya kwanza yake ingali hai. Siku ukweli utakapojitokeza, ndoa ile ya pili itaporomoka na ukaazi uliojengwa juu yake utaporomoka nayo.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Katika habari hii mbachao si methali tu. Ni mwanamke au mwanamume halisi, aliye nyumbani na watoto, anayengoja simu ambayo kila mwezi huzidi kuwa fupi. Tunapowacheka walioko ng'ambo, tumkumbuke na huyu ambaye hakuna fomu inayomtaja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya sheria hulitaja kwa sentensi moja, lakini katika maisha yetu ni kubwa. Mtu ambaye ombi lake la kubadilishiwa hadhi linashughulikiwa akitoka nje ya Marekani bila kibali cha mapema cha kusafiri, ombi hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa limetupwa. Wenye viza za H-1B zilizo hai wana nafuu katika hili. Wengine wengi hawana. Mwalimu aliyefungua faili lake hulala na kuamka akiomba Mungu amlindie wazazi. Katika jamii ambamo kumzika mzazi ni deni lisilo na mbadala, sharti hili humweka mtu njiapanda: arudi amzike mama na apoteze njia, au abaki na asimamie mazishi kwa simu. Ndugu wanaobaki nyumbani humhukumu upesi kwamba utajiri umemlevya. Pengine si utajiri. Pengine ni kibali ambacho hakijafika.

Vipi basi kuhusu ndoa za uongo? Hapa sina huruma ya kuonyesha kwa kitendo, ingawa ninaifahamu dhiki inayozaa kitendo hicho. Anayefunga ndoa kwa kusudi la kukwepa sheria za uhamiaji za Marekani anaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa faini ya hadi dola 250,000, au vyote viwili. Kuna adhabu nyingine isiyojulikana sana, nayo naiona kuwa nzito zaidi. Ikithibitika kwamba mtu aliwahi kufunga ndoa ya namna hiyo ili apate ukaazi, hakuna ombi jingine la ukaazi kwa ajili yake litakalokubaliwa baadaye, hata akija kumpata mwenzi wa kweli na kuzaa naye watoto. Yaani uongo wa ujanani huja kuua ukweli wa utu uzima. Mdharau mwiba mguu huota tende. Madalali wanaowauzia vijana wetu ndoa hizi hawauelezi mwiba huo, kwa maana mguu utakaovimba si wao.

Wapo watakaonipinga kutoka pande mbili. Upande mmoja utasema kwamba serikali haina haki ya kuingia chumbani mwa watu, kuwauliza mume na mke ni nani hulala upande wa ukuta na ni nani hupika chai asubuhi. Ninakubali kwamba mahojiano ya namna hiyo yana udhalilishaji ndani yake. Mapenzi hayana stakabadhi. Wanandoa maskini ambao hawana akaunti ya pamoja ya benki, bima, wala mkataba wa nyumba wenye majina mawili hupata taabu zaidi kuthibitisha upendo wao kuliko matajiri, ingawa hakuna ushahidi kwamba matajiri hupendana zaidi. Hata hivyo, haki inayotolewa kwa sababu ya ndoa haiwezi kutolewa bila mtu kuuliza kama ndoa ipo. Nipingalo si swali. Napinga swali linalomdhania kila mgeni kuwa mwongo mpaka athibitishe vinginevyo.

Upande wa pili utasema kwamba ndoa yoyote inayoleta makaratasi imekwisha kutiwa doa. Hao nawauliza: ni ndoa gani hapa kwetu isiyoleta kitu zaidi ya mapenzi? Ndoa huleta urithi, huleta jina, huleta haki ya kuzikwa mahali fulani na haki ya kumkalia mgonjwa hospitalini. Hakuna anayesema kwamba mjane amemwoa marehemu kwa ajili ya shamba, ila wale wanaolitaka shamba hilo. Mtu akipendwa na raia, kisha sheria ikasema kwamba mke na mume wasitenganishwe na mpaka, sheria hiyo imeitendea ndoa heshima. Tusigeuze heshima hiyo kuwa tusi.

Tena tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Kenya nayo ina wageni wenye vibali vya kazi wanaopendana na raia wetu. Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, mwenzi wa Mkenya anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 15, inampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia baada ya miaka saba. Kabla ya Katiba hiyo hali yetu ilikuwa ya kuaibisha. Mwanamume wa Kenya aliyeoa mgeni aliweza kumfungulia mkewe njia ya uraia, lakini mwanamke wa Kenya aliyeolewa na mgeni hakuweza kumfungulia mumewe njia hiyohiyo. Sarufi ya kuoa na kuolewa ilikuwa imeandikwa ndani ya katiba yenyewe! Marekani nayo ilipitia ubaya wake: kati ya mwaka 1907 na 1922, mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake mwenyewe. Sheria za ndoa na mipaka hutungwa na binadamu, na binadamu wakipigania haki huzibadilisha.

Katiba hiyohiyo ilimwondolea Mkenya wa ng'ambo mzigo mwingine. Aliyepata ukaazi kwa ndoa na raia wa Marekani anaweza, akiwa angali anaishi na mwenzi huyo, kuomba uraia baada ya miaka mitatu badala ya mitano. Zamani hatua hiyo ilimaanisha kuuvua Ukenya. Tangu Agosti 2010, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine, ila anatakiwa kuitaarifu serikali ya Kenya kuhusu uraia huo wa pili katika muda wa miezi mitatu. Kutofanya hivyo ni kosa. Hili nalo wengi hawalijui, na laiti lingekuwa linafundishwa.

Nionavyo mimi, kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, vyuo na vyama vya walimu vinavyowaaga vijana kwa mikono miwili na kuwapiga picha uwanja wa ndege viwape pia saa mbili za mafunzo ya sheria: aina ya viza, sharti la miaka miwili, tofauti ya raia na mkazi, haki za anayeteswa. Saa mbili si nyingi kwa mtu anayekwenda kubadilisha maisha. Pili, wazazi na walezi wawasaidie vijana kuziweka sawa hati zao hapa nyumbani. Ndoa ya kimila isajiliwe, iliyovunjika ivunjwe kisheria, na mtoto aliyezaliwa atajwe kwa jina lake katika kila fomu. Tatu, sisi wa lugha tufanye kazi yetu. Tuwape wananchi maneno yenye mipaka. Ndoa ya kweli iitwe ndoa. Ile ya kununuliwa iitwe ndoa ya hila. Na neno "makaratasi" tuliachie karatasi.

Sisemi kwamba kila mwalimu anayekwenda ng'ambo abaki huko. Madarasa yetu yanawahitaji, na mpango unaomtaka mtu arudi kufundisha alikotoka si mpango mbaya. Wala sisemi kwamba arudi kila aliyekwenda, maana moyo hauna ratiba ya masomo. Nisemalo ni kwamba uamuzi huo, wowote uwao, uwe wa mtu anayejua anachotia sahihi. Kijana aliyefunzwa nasi miaka minne kutofautisha kauli ya kutenda na ya kutendewa asije akaishi katika mojawapo bila kuitambua.